Mkwe wa Kaplong na Fomu ya Mke

Muhuri ulikuwa bado hewani.

Ndiyo, msomaji, wiki jana tulimwacha Afisa Mosoti papo hapo, ameuinua ule muhuri mwekundu wa kufukuza wageni, na chini yake pasipoti ya Gerrit imefunguliwa ukurasa mtupu. Wengine wenu mmeniandikia barua za kunilaani. Mmoja wa Sigowet anasema hakula vizuri juma zima. Pole sana, lakini mkono wa Mosoti umechoka kuliko tumbo lako.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilimfikia likiwa limefungia nyama, nitaeleza haraka. Gerrit ni Mholanzi mrefu aliyekuja Kaplong miaka sita iliyopita na mradi wa ng'ombe wa maziwa. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe bila dume, na aliifanya vizuri. Akamwoa Chepkemboi, karani wa kituo cha kununulia majani chai, kitinda mimba wa Mzee Kipkosgei. Mwezi wa sita mwaka huu wa tisini na sita mradi ukafungwa, na kibali cha kukaa, ambacho kilikuwa cha mradi wala si chake, kikafungwa pamoja nao. Gerrit hakujua. Alidhani pete ya kanisani ndiyo kibali.

Haya. Muhuri ukaanza kushuka.

"Chai!"

Mlango ulisukumwa na Wilkista, mama wa chai wa ofisi ile ya wageni mjini Kericho, na sinia lake mkononi. Ilikuwa saa nne kamili. Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuelezwa. Mosoti akauweka muhuri kando, akavuta kikombe na kutafuta kile chenye sukari zaidi.

"Nikimaliza hii tunaendelea," alisema.

Chepkemboi hakungoja amalize. Alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa amesimama tangu saa mbili, kwa sababu viti vya ofisi hiyo vilikaliwa na mafaili.

"Bwana Mosoti, huyu ni bwana yangu. Tulifunga harusi kanisani. Cheti ndiyo hiyo mbele yako."

"Nimeiona."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni wewe ni mwanamke." Mosoti akapuliza chai. "Mama, sheria si mimi niliandika. Mwanaume Mkenya akioa mzungu, huyo mzungu anajaza fomu ya mke, anakaa hapa mpaka azeeke. Lakini mwanamke Mkenya akiolewa na mzungu, hakuna fomu. Mke anafuata bwana. Bwana hafuati mke."

"Kwa hivyo mimi ndiyo nihame?"

"Sheria inafikiria hivyo."

"Na huyu mtoto?"

Mosoti akashusha kikombe. Alikuwa mtu mkavu, lakini hakuwa mbaya, na swali hilo hakulipenda. "Ukimzalia hapa, ni Mkenya. Ukimzalia kwao, si Mkenya. Huko nje mtoto anapata uraia kwa baba, si kwa mama."

Umeona Chepkemboi alivyobanwa? Akimfuata mumewe, mtoto anaikosa Kenya. Akibaki, mtoto anazaliwa baba hayupo, na baba mwenyewe, akishapigwa ule muhuri, harudi tena. Chepkemboi alishika meza kwa mikono miwili.

Ndipo Gerrit alipoona ni wakati wa kusaidia. Kiswahili chake alijifunza kwa kitabu kabla hajapanda ndege, na hadi leo ndiye mtu pekee Kaplong nzima anayekizungumza bila kosa. Kwa hiyo hakuna anayemwelewa.

"Mheshimiwa afisa, naomba uniwie radhi. Katika ndoa yetu, mume na mke wana haki zilizo sawa. Mimi ndimi ninayemtegemea mke wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa. Je, haipatikani hati inayonihusu?"

Mosoti alimgeukia Chepkemboi. "Anasema nini?"

"Anasema anakula kwangu."

"Kwa hiyo pia hakuna fomu."

Usimcheke sana Gerrit kwa hayo maneno ya haki sawa. Ni imani yake. Enzi za mradi aliwakusanya wazee wa Kaplong hemani mara moja kila mwezi, akawachorea kwenye makaratasi makubwa mizani, mume upande huu, mke upande ule, sawasawa. Aliwaambia wasione haya kumsikiliza mwanamke. Wazee walikuja kwa sababu ya soda.

Mosoti alimaliza chai, akatazama muhuri, akatazama tumbo la Chepkemboi. Kisha akasukuma pasipoti kando.

"Sikiza. Kuna pasi ya muda, miezi tatu. Naweza kuandika hiyo, faili iende Nairobi wakune kichwa huko. Lakini nataka barua ya chifu, inaonyesha kuna mwenyeji anatambua huyu mtu na anamsimamia. Leo ni Jumanne. Ijumaa, saa sita mchana. Dakika moja ikipita, napiga."

Barua ya chifu! Mtoto wa nasari anaweza kuipata hiyo. Chepkemboi alitoka nje akicheka, na mimi ningecheka vilevile, kama nisingewajua wanaume wa Kaplong.

*

Jumatano asubuhi sebule ya Mzee Kipkosgei ilijaa wanaume. Wanaume watupu, tafadhali shika hilo. Chepkemboi alikuwa kituoni akipima majani, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, chai imechipuka na wachumaji wamepanga foleni hadi barabarani. Mwanamke pekee aliyeingia sebuleni ni mama yake, Janeffer, na aliingia kwa sababu mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, hayajiletei yenyewe vikombe.

Chifu Kiptanui alikalia kile kiti kikubwa chenye kitambaa cha maua, kofia ya serikali magotini.

"Parua ya kusema namjua ni kitu nyepesi," alisema. "Hata mwizi, mimi namjua. Serikali inataka kitu nzito."

"Nzito namna gani?" akauliza Mzee Kipkosgei.

"Tumfanye mtu yetu. Zamani si tulikuwa tunachukua watu ya nje, ananyolewa, anakunywa maziwa, anapewa ukoo, halafu anakuwa Kipsigis? Sasa nani ataweza kufukuza Kipsigis atoke Kaplong?"

Makofi yakapigwa. Gerrit, aliyekalia kigoda pembeni, alipiga kuliko wote.

Hapo ugomvi ukaanza. Ukoo gani? Mzee mmoja alisema kijana ni wa tembo, maana ng'ombe wake wa kwanza wa gredi, wa maziwa mengi, alizaa kwa mkono wa kijana huyu. Mwingine akasema hapana, ni wa simba, na akataja ndama watatu. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe aliye karibu kupandishwa, na kila mmoja aliona uzuri wa kuwa na fundi katika ukoo.

Mzee Kipkosgei aligonga meza hadi vikombe vikaruka.

"Huyu ni yangu!" Sauti ilimtetemeka. "Mungu alinipatia wasichana wanne. Wanne! Sina kijana hata moja ya kufunga lango jioni. Nikikufa mji yangu, hii boma yote, inakuwa msitu. Sasa Mungu ananiletea kijana, na nyinyi mnataka kunipokonya?"

Macho yalimjaa machozi, na nakiri nilimhurumia. Hakuna aliyepinga tena. Mzee Kipkosgei ni wa ukoo wa nyuki. Basi Mholanzi awe wa nyuki.

Janeffer alisimama mlangoni na kibuyu. "Mzee, lakini..."

"Leta maziwa."

Gerrit akanyolewa. Nywele zake za rangi ya mahindi ziliangukia gazeti lililotandazwa sakafuni, gazeti hilihili, juu ya hadithi hiihii. Nimezoea. Akapakwa siagi kwenye paji la uso, akafungwa majani mabichi mkononi, akaambiwa asogee karibu na kiti cha Mzee.

Janeffer akarudi na kibuyu cha pili. "Nyinyi watu, hebu mfikirie kidogo kwanza. Huyu bwana ya..."

"Mama, maziwa imekwisha huku."

Akapewa jina. Kipruto, maana alikuja kwa safari. Kipruto arap Kosgei, mtoto wa kiume wa Kipkosgei, wa ukoo wa nyuki, mwenyeji wa Kaplong. Gerrit aliomba ruhusa ya kusema neno, akasimama na kichwa chake kilichong'aa.

"Nimeguswa mno moyoni," alisema. "Leo nimezaliwa kwa mara ya pili." Kisha akaomba mtu ampige picha.

"Mtoto wetu akirudi kutoka kituo atauliza..." Janeffer alianza mara ya tatu.

"Atafurahi," akasema Mzee. "Leta ile kibuyu ya mwisho."

Chifu Kiptanui aliandika barua palepale gotini, wazee watatu wakabonyeza vidole gumba, muhuri wa chifu ukapigwa mara mbili ili usikike vizuri Nairobi. Chifu hakutaka kungoja Ijumaa. Alitaka kuwa wa kwanza kuleta ushindi mjini, basi akavaa kofia, akawasha pikipiki na kuelekea Kericho.

Saa kumi Chepkemboi aliingia uani, viatu vimejaa tope. Alimkuta mumewe ameketi juani, kipara kitupu, siagi inamtiririka hadi puani.

"Mpenzi wangu, mimi sasa ni Kipruto!"

Alicheka hadi akashika ukuta. "Nani amekufanya hivyo?"

"Wazee. Nimepewa ukoo."

"Ukoo gani?"

"Wa nyuki."

Kicheko kikakatika. Chepkemboi alipita, akaingia sebuleni, ambako baba yake alikuwa akimalizia kikombe kwa raha zake.

"Baba, sisi ni watu ya nini?"

"Nyuki. Kwani umesahau?"

"Na msichana ya nyuki anaolewa na nani?"

"Yeyote tu, isipokuwa..." Kikombe kilibaki katikati ya meza na mdomo.

"Isipokuwa kijana ya nyuki," alimalizia Chepkemboi. "Baba, umefanya bwana yangu kuwa kaka yangu. Na hii tumbo, nitaambia watu ni ya nani? Na ng'ombe sita ya mahari ulipokea kutoka kwa mtoto yako mwenyewe?"

Gerrit alikuwa amesimama mlangoni, ametabasamu, bado hajaelewa ni lipi limeharibika.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nasema tangu asubuhi," akasema Janeffer, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaketi.

"Irudishwe nyuma," akasema Chepkemboi.

"Mtu akishazaliwa utamrudisha wapi?" Mzee alinong'ona.

"Basi barua ichomwe. Iko wapi barua?"

Mzee Kipkosgei aliinua mkono akaonyesha barabara ya Kericho.

*

Ijumaa, saa tano na nusu. Ofisi ileile. Safari hii Wilkista aliondoa mafaili kwenye viti, maana alisikia kuna jambo, na hakukusudia kurudi jikoni. Dirishani, nyuso za wakulima kama kumi wa Kaplong zilikuwa zimebanwa kwenye kioo. Walikuja kusherehekea, hawakuwa wameambiwa kitu.

Mosoti alikuwa na karatasi mbili mezani. Alizipanga, akazipanga tena.

"Hii ni cheti ya harusi," alisema. "Inasema huyu mtu ni mkwe ya Kipkosgei. Hii ni barua ya chifu. Inasema huyu mtu ni mtoto ya Kipkosgei. Muhuri mbili, vidole tatu. Sasa, nani ananidanganya?"

Chifu Kiptanui alisimama. "Pwana afisa, mimi niko na paraza ya watu..."

"Keti, chifu. Sahihi ni yako."

Chifu akaketi juu ya kofia yake mwenyewe.

"Kama ni mtoto, cheti ya kanisa ni uongo, na huyu mama amenidanganya. Kama ni mkwe, barua ni uongo, na chifu amenidanganya. Yote mbili ni kesi."

Mzee Kipkosgei alijaribu upole. "Pwana Mosoti, hii ni mila tu. Sisi tunapenda wageni. Zamani hata watu yenu, Wakisii, tulichukua wengi, tukawapa ukoo."

Msomaji, kuna maneno ambayo mtu angeyala tena kama angeweza. Mosoti alivua miwani.

"Zamani gani, mzee?" aliuliza pole pole. "Baba yangu alinunua shamba karibu na Sotik mwaka wa sitini na tano. Mimi nimezaliwa hapo. Nimesoma hapo. Mwaka wa tisini na mbili tukaambiwa turudi kwetu, nyumba ikachomwa na mahindi ndani. Hati ya shamba tulikuwa nayo. Hakuna mzee alikuja na maziwa. Hakuna mtu aliniuliza nataka ukoo gani." Akavaa miwani. "Lakini huyu wa juzi, kwa siku moja, anapata baba, jina na nyuki."

Mzee Kipkosgei alitazama viatu vyake. Hata nyuso za dirishani zilipungua mbili tatu, na mimi ninayesimulia sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli na sisi sote tulikuwapo mwaka ule.

Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika kumi na nane. Mosoti akavuta muhuri.

"Ngoja," alisema Chepkemboi. "Nipatie fomu ya mke."

"Nilikueleza Jumanne. Ni ya mke ya mwanaume."

"Nipatie tu."

Mosoti akafungua droo, akampa. Chepkemboi hakuiandika. Alimgeukia Kiptanui.

"Chifu, nani alipeleka ng'ombe kwao mama yako, akimuoa?"

Chifu alikohoa. "Hiyo ni maneno ya nyumbani."

"Nani?"

"Tapkigen wa Chepunyo," alijibu kwa shida.

"Tapkigen alikuwa mwanaume ama mwanamke?"

Wilkista aliweka mkono mdomoni. Kila mtu wa upande wa Bomet anajua jibu, ila halitamkwi mbele ya chifu. Tapkigen alikuwa bibi kizee tajiri asiye na mtoto. Akaoa msichana kwa ng'ombe zake, kama mila inavyoruhusu, na watoto wa msichana yule wakamwita baba. Chifu Kiptanui ni mmoja wao, na katika miaka hamsini hakuna aliyemwambia hana baba.

"Mwanamke," alisema chifu.

"Na alikuwa bwana ya mama yako?"

"Alikuwa."

"Sawa. Na nyumba ikiwa na wasichana tu, mila inasema nini?"

Chifu sasa alikuwa anajibu kama mtoto darasani. "Msichana moja anabaki kwa mji. Anahesabiwa kama kijana. Watoto yake ni ya mji."

"Mimi nimebaki. Sijaenda mahali. Nyumba yetu iko kwa shamba ya baba." Chepkemboi akaweka fomu mbele ya Mosoti. "Andika. Bwana ni mimi, Chepkemboi. Mke ni Gerrit."

Nje mtu alipiga kelele, "Nini?" na kioo kikatikisika.

"Haiwezekani!" Mzee Kipkosgei aliruka. "Hakuna mwanaume amewahi kuwa mke!"

"Na tangu lini mzungu akawa kaka yangu? Juzi mliweza."

"Nitasema nini kwa watu?"

"Juzi ulilia mbele ya watu, baba, eti huna kijana wa kufunga lango. Nani anafunga hiyo lango kila jioni? Nani alipanda ile chai ya chini, na wewe umelala na mgongo? Ulipopelekwa hospitali, nani alikushika mkono kwa gari?" Sauti yake ilipasuka, na hakujali. "Ulitafuta kijana mpaka ukafika Uholanzi. Mimi nilikuwa hapo tu kwa kituo, ungeniita."

Ilikuwa sita kasoro dakika tisa.

Mzee Kipkosgei alivua kofia. Alimtazama mtoto wake wa nne, yule ambaye siku alipozaliwa yeye baba alikataa kuja kumwona hadi jioni. Nilidhani atatoka nje. Kumbe alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka kofia.

"Andika," alimwambia Mosoti. "Mimi Kipkosgei. Hii parua nyingine ni ya ujinga, rarua. Yule niliita kijana si kijana yangu, ni mke ya mtoto yangu. Kijana yangu ni huyu, Chepkemboi. Mji ni yake."

Chepkemboi aligeukia ukuta akafuta uso kwa leso. Wilkista alilia waziwazi, na sinia lake likalia naye.

Mosoti alisoma fomu mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alisoma na nyuma. "Hakuna mahali imeandikwa mke lazima awe mwanamke," alisema. "Aliyeandika hakuona haja." Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, na huu ni mwezi wa pili wa hadithi hii, Mosoti alitabasamu. "Miaka kumi na moja nimekaa hapa nikikataza watu. Acha na Nairobi leo wajibu swali."

Akaandika pasi ya miezi mitatu. Akaambatanisha fomu. Akageuza karatasi, akaweka kalamu juu yake, akaisukuma ng'ambo ya meza.

"Mke atie sahihi hapo chini."

Ilikuwa sita kasoro dakika nne. Kalamu tu, msomaji. Mstari mmoja wa wino na mtoto anamkuta baba yake nyumbani.

Gerrit alichukua kalamu. Alisoma lile neno lililochapishwa chini ya mstari. Alitazama dirishani, ambako wakulima wa Kaplong, wale wale aliowachorea mizani, walikuwa wameparamiana mabegani ili waone vizuri. Mmoja alimwita kwa sauti tamu, "Mama Kipruto!" na wengine wakaanguka kwa kicheko.

Kipara kikawa chekundu. Kalamu ikarudi mezani.

"Samahani," alisema Gerrit kwa Kiswahili chake safi, na safari hii kila mtu alimwelewa. "Hapo siwezi kutia sahihi. Mimi ni mwanamume."

Hakuna aliyecheka ndani. Mzee Kipkosgei alimtazama mkwewe, kisha mtoto wake, na nadhani hata yeye aliona haya.

Zikabaki dakika mbili. Mosoti alivuta ule muhuri mwekundu, akaugonga kwenye wino, akauinua juu ya pasipoti. Lakini hakumtazama Gerrit.

"Mwenye mji ni wewe," alimwambia Chepkemboi. "Nipige, ama nisipige?"

Chepkemboi alishika tumbo lake. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kipara, bila haraka, kama anavyotazama gunia la majani kabla hajaamua kama atalipokea au atalirudisha. Kisha akafungua mdomo.